Wanataka kumkata baba mguu. Je, puto linaweza kuuzibua mshipa?

*Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 67, yuko Tanga. Ana kisukari kwa miaka 14 na alivuta sigara muda mrefu kabla ya kuacha. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimekuwa cheusi, na pembeni mwa unyayo kuna kidonda ambacho hakijafunga tangu mwezi wa tatu. Hospitalini wametuambia mguu ukatwe chini ya goti. Mjomba aliyeko Dar anasema siku hizi kuna upasuaji wa tundu dogo, wanapitisha puto, wanazibua mshipa na mguu unapona. Ni kweli? Ni salama kwa mzee wa umri huo? Au tunajidanganya na kupoteza muda?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mjomba wako hajakosea. Upasuaji huo upo, unafanyika hapa nchini, na umeokoa miguu mingi iliyokuwa imeshaandikiwa kukatwa. Lakini kama utamfaa baba yako, hakuna anayeweza kukujibu, hata aliyesimama mbele ya kitanda chake, kabla ya kujua jambo moja: damu inafika kwenye unyayo ule kwa kiasi gani? Katika maelezo yako yote hilo halimo. Hukuandika kama kuna mtu aliyeushika mguu akatafuta mapigo, wala kama presha ya kifundo ilipimwa. Kwa hiyo kabla ya puto, na kabla ya msumeno, tuanzie hapo.

Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari huwa na vyanzo viwili, na mara nyingi vyote viwili vimo katika mguu mmoja. Cha kwanza ni neva zilizokufa ganzi. Mgonjwa anachubuliwa na kandambili au anakanyaga kijiwe hasikii, anagundua baada ya siku kadhaa soksi ikiwa imelowa. Mguu wa namna hiyo huwa na joto, mapigo yapo, na kidonda kiko chini ya unyayo panapobeba uzito, kimezungukwa na sugu. Huo haudai puto. Unadai kuondolewa mzigo, kusafishwa vizuri, na sukari kushushwa. Chanzo cha pili ni ateri, yaani mishipa inayoshusha damu kutoka moyoni, kujaa mafuta na chokaa hadi kuziba. Mguu unakuwa wa baridi, ngozi inang'aa, vinyweleo vinakwisha, kucha zinakuwa nene na hazikui. Ukiuinua unapauka, ukiuning'iniza unaiva wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi hilo liangalie kwenye unyayo. Usiku mgonjwa anaamka kwa maumivu ya vidole, anashusha mguu pembeni ya kitanda ndipo anapata nafuu kidogo. Muulize baba yako kama hufanya hivyo. Wazee wengi hawasemi mpaka waulizwe, na wengine ganzi ya kisukari imewaficha maumivu hayo kabisa.

Kidole cheusi kwa mtu aliyevuta sigara na mwenye kisukari cha miaka 14 kinanifanya nishuku ateri kwanza.

Unaweza kuanza kuangalia wewe mwenyewe leo. Mlaze mzee chali, mguu uwe na joto la kawaida. Weka vidole viwili au vitatu upande wa juu wa unyayo, katikati, kwenye mstari unaotoka kati ya kidole gumba na cha pili kuelekea kifundo. Usikandamize, gusa tu na usubiri. Kisha sogea nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo, kwenye kishimo kilichopo kati ya mfupa na kisigino. Hapo ndipo ateri mbili kubwa za unyayo zinapoweza kuguswa. Fanya hivyo pia kwenye mguu mzima ulinganishe, na ujipime na wewe ili vidole vyako vizoee. Ukikosa mapigo usihukumu, maana hata mimi huyakosa kwa mtu aliyevimba, lakini ukiyakosa yote mawili upande wa kidonda, una haki ya kusema kwa sauti: "Daktari, naomba mishipa ya baba ipimwe kabla hatujasaini."

Kipimo cha kwanza ni rahisi na hakina sindano. Wanapima presha ya mkono na presha ya kifundo kwa kutumia dopla ndogo ya mkononi, yaani kifaa kinachosikiliza damu ikipita, halafu wanagawanya. Mkono ukiwa 140 na kifundo 70, jibu ni 0.5. Chini ya 0.9 ni ugonjwa wa ateri za mguu. Chini ya 0.4 ni hali mbaya. Ila kuna mtego hapa ambao umewaponza wagonjwa wengi wa kisukari na wa figo. Chokaa huigandisha ateri ikawa ngumu kiasi kwamba mkanda wa presha hauwezi kuibana, na jibu linatoka 1.4 au zaidi, au linatoka zuri tu la kuridhisha, huku kidole kinaoza. Kwa hiyo kwa baba yako jibu zuri la kifundo lisiwatulize. Ombeni presha ya kidole cha mguu, kwa kuwa ateri za vidole hazishikwi sana na chokaa. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda hakitapona mpaka damu iongezwe. Pasipo na kifaa hicho, ultrasaundi ya mishipa ya mguu mzima, kutoka kinena hadi unyayo, inatosha kuanzia. Baadaye, akionekana anafaa kutibiwa, ndipo hupigwa picha za CT au picha za dawa ya rangi zinazoonyesha mshipa umeziba wapi na chini yake umefunguka wapi.

Sasa tuje kwenye puto lenyewe.

Fikra hii ilizaliwa kwenye mguu unaofanana sana na wa baba yako. Mwezi Januari 1964, huko Portland, Marekani, mama wa miaka 82 mwenye vidole vilivyoanza kuoza aliambiwa akatwe mguu akakataa katakata. Daktari wa radiolojia, Charles Dotter, alipitisha waya kwenye ateri ya paja iliyokuwa imebanwa, kisha akapitisha juu yake mirija iliyozidi kunenepa hadi njia ikapanuka. Mguu ukapata joto, kidonda kikapona, na mama yule akaendelea kutembea kwa miguu yake mwenyewe hadi mwisho wa maisha yake. Miaka kumi baadaye daktari Andreas Grüntzig, akiwa Zürich, Uswisi, alileta puto linaloweza kujazwa ndani ya mshipa. Naeleza haya kwa sababu ndugu wengi hudhani ni jambo la kujaribiwa juzi, na hofu hiyo huwafanya wasaini kukatwa haraka kuliko inavyostahili.

Mgonjwa hulala chali akiwa macho. Hapewi usingizi, na hilo ni jambo kubwa kwa mzee ambaye moyo wake huenda nao una mishipa iliyobanwa. Ngozi ya kinena inachomwa dawa ya ganzi. Sindano inaingia kwenye ateri ya paja kwa kuongozwa na ultrasaundi, waya laini unapita ndani ya sindano, na juu ya waya unaingizwa mrija mfupi wenye upana wa milimita 2 hivi. Huo ndio mlango. Tundu lote ni hilo. Dawa ya kuzuia damu kuganda inapewa, kisha dawa ya rangi inapulizwa na mgonjwa anahisi mguu mzima umejaa joto kwa sekunde chache. Kwenye skrini ateri zinaonekana kama mto na vijito vyake, na pale palipoziba panakatika ghafla.

Kazi ngumu iko hapo. Kwa wenye kisukari kuziba hupenda kuwa chini ya goti, kwenye ateri tatu nyembamba zinazoteremka kwenye muundi. Zina upana wa milimita 2 au 3, na mara nyingi zimeziba kwa urefu wa shibiri nzima. Waya wa kupita humo ni mwembamba kuliko nusu ya milimita. Daktari anauzungusha kwa ncha za vidole, anasogea kidogo, anapiga picha, anarudi nyuma, anajaribu tena. Ukigoma kutoka juu, wengine hutoboa ateri ya unyayo na kuupandisha kutoka chini. Waya ukivuka, puto refu lililokunjwa linapitishwa juu yake na kujazwa maji yenye dawa ya rangi kwa pampu ya mkono yenye saa ya kipimo, dakika 2 au 3. Mgonjwa huhisi kubanwa, na puto likishushwa maumivu yanapungua. Juu ya goti, mshipa ukikataa kubaki wazi, huwekwa stenti, yaani kichuma cha wavu. Nyuma ya goti tunaikwepa tukiweza kwa sababu goti linakunjwa kila saa na chuma huvunjika; na chini ya goti mara nyingi puto peke yake ndilo linalotumika.

Zoezi zima huchukua saa moja hadi tatu. Baadaye kinena kinakandamizwa, mgonjwa analala mguu ukiwa umenyooka kwa saa 4 hadi 6, na wengi hurudi nyumbani kesho yake.

Mjomba wako amekwambia mguu unapona. Hapo nitamsahihisha. Puto haliponyi kidonda. Linafikisha damu, na damu ndiyo inayoponya kidonda kwa wiki na miezi, pamoja na kusafishwa, kupunguziwa uzito na sukari kushikwa. Ateri iliyopanuliwa chini ya goti hurudi kubana kwa wagonjwa wengi ndani ya mwaka wa kwanza. Hili linawavunja moyo watu, lakini halipaswi. Kidonda kilicho wazi kinadai damu nyingi kuliko ngozi iliyofunga. Mshipa ukikaa wazi miezi ya kutosha kidonda kikafunga, hata ukibana tena baadaye, mguu unaweza kuishi na damu ndogo iliyopo. Wengine hurudia puto mara ya pili, na si ajabu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "alizibuliwa mshipa ukaziba tena", muulize kwanza kama kidonda kilikuwa kimefunga.

Na si kila mguu unafaa kwa tundu dogo. Ipo njia ya zamani ya baipasi: tunachukua vena ndefu (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguuni kwa mgonjwa mwenyewe na kuiunganisha kutoka paja hadi chini ya palipoziba, damu ikapita pembeni. Ni kidonda kirefu, usingizi, na siku nyingi wodini, lakini vena nzuri hudumu. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliohusisha wagonjwa 1,830, na ulionyesha kwamba wale wenye vena nzuri walifanikiwa zaidi kwa baipasi kuliko kwa puto. Wasio na vena nzuri hawakuwa na tofauti ya maana. Mwaka uliofuata utafiti mwingine, mdogo zaidi, wa wagonjwa 345 walioziba chini ya goti, wengi wao Uingereza, ulionyesha kinyume: walioanzia kwenye puto waliishi bila kukatwa mguu zaidi kuliko walioanzia kwenye baipasi, hasa kwa sababu vifo vilikuwa vichache upande wa puto. Mimi nausoma ushahidi huu hivi: mtu mwenye nguvu, moyo mzima na vena nzuri, aulizwe kuhusu baipasi kwa dhati. Mzee dhaifu, mwenye moyo au figo zenye shida, aanzie kwenye puto. Daktari anayejua moja tu kati ya hizo mbili atakupendekezea hiyo anayoijua, kwa hiyo uliza kama zote mbili zimefikiriwa.

Kuhusu usalama. Hatari ndogo inayoonekana sana ni damu kuvilia kinenani. Ikivimba ghafla, kandamiza kwa nguvu kwa kiganja na umwite muuguzi. Mara chache mshipa unachanika, au kipande cha uchafu kinakatika na kuziba mbele zaidi. Ninachokihofia zaidi kwa mwenye kisukari ni figo. Dawa ya rangi huzichosha, na zikiwa tayari dhaifu zinaweza kuzidiwa. Kwa hiyo kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ipimwe kabla, asikaushwe maji siku hiyo bila maelekezo, na kama anameza metfomini, dawa ya kisukari, waulize mapema: kwa baadhi ya wagonjwa husimamishwa na kurudishwa baada ya saa 48, kreatinini ikirudiwa na kuonekana iko sawa. Dawa za maumivu kama diklofenaki ziwekwe kando kabisa. Figo zikiwa mbaya sana, kuna vituo vinavyoweza kutumia gesi ya kabonidayoksaidi badala ya dawa ya rangi kwa sehemu ya juu ya mguu.

Umeuliza kama mnapoteza muda. Jibu linategemea usaha. Kidole kilichokauka, cheusi, chenye mpaka unaoonekana, bila harufu na bila homa, kinaweza kusubiri siku kadhaa mishipa ipimwe na hata izibuliwe. Wakati mwingine hudondoka chenyewe au hukatwa hicho tu. Lakini mguu ukivimba, ukinuka, ukitoa majimaji, wekundu au weusi ukipanda kuelekea kifundo, mzee akatetemeka kwa homa au akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Usaha hutolewa kwanza, vidole vilivyooza hukatwa kwanza, mishipa hufuata. Msipande basi kwenda Dar na mguu wa namna hiyo. Nendeni hospitali iliyo karibu.

Na daktari aliyewaambia mguu ukatwe msimwone adui. Amewaona wengi walioondoka kutafuta tiba nyingine wakarudi na sumu imeingia kwenye damu. Ipo miguu ambayo hata mimi nitashauri ikatwe: iliyooza hadi kisigino, ya mtu ambaye hajasimama kwa miaka na goti limejikunja, au ile ambayo picha zimeonyesha hakuna ateri yoyote iliyo wazi chini. Hata hapo kupima mishipa si bure. Kukatwa kunahitaji damu pia ili kigutu kipone, na puto likiongeza damu linaweza kushusha mahali pa kukata, kutoka juu ya goti hadi chini yake, au kutoka kwenye muundi hadi kidole kimoja. Aliyebakiwa na goti lake hutembea na mguu wa bandia kwa urahisi mkubwa kuliko asiye nalo. Na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa namna hii wanaokatwa mguu juu ya kifundo hufariki ndani ya miaka 5. Ndiyo maana nasisitiza vipimo vitangulie saini.

Pa kwenda: ombeni rufaa ya maandishi kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu au wa radiolojia tiba, yaani anayetibu ndani ya mshipa akiongozwa na picha. Muhimbili ndipo pa kuanzia kuulizia. Tangu 2019 MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kinafundisha madaktari bingwa wa radiolojia tiba, na wanafunzi wake wa kwanza wameshahitimu, kwa hiyo mikono inaongezeka. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete nayo ina mitambo ya Cathlab, chumba cha kupitishia nyaya na mirija kwenye mishipa. Pigeni simu kabla ya kusafiri na muulize wazi: "Je, mnafungua ateri za chini ya goti?" Kuna sehemu zenye mtambo mzuri wa moyo ambazo hazina mtu wa kazi hiyo ya miguu. Muulize pia gharama kwa kuichambua, kwa kuwa fedha nyingi huenda kwenye nyaya na maputo, na jueni mapema bima inalipa nini na kipi mtajinunulia. Chukueni picha ya eksirei ya unyayo, majibu ya kreatinini na sukari, na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja.

Wakati mnasubiri, kidonda kifunikwe kwa bandeji safi isiyobana, kibadilishwe kila siku, asikikanyagie. Kisigino kisilale juu ya godoro. Wekeni mto chini ya shavu la mguu kielee. Msimwogeshe mguu kwa maji ya moto wala kumkanda kwa chupa au mkaa, ngozi hiyo inaungua bila yeye kujua. Dawa za kupaka za mitaani ziacheni. Muulizeni daktari kuhusu aspirini au klopidogreli, za kuzuia damu kuganda, na statini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, ambazo kwa ugonjwa huu hulinda moyo na ubongo sawa na mguu. Wengi huondoka hospitali na bandeji tu bila kuandikiwa hata moja. Kama baba huswali, wakati wa udhu ni wakati mzuri wa kumwangalia mguu mzima, ule wa kushoto: muukague chini na katikati ya vidole kwa tochi ya simu, kisha muukaushe kwa kitambaa laini. Ateri zikiziba upande mmoja, upande wa pili huwa hauko mbali.

Kwa msomaji mwingine ambaye hana kidonda, ila shavu la mguu humkaza akitembea na kumwachia akisimama dakika chache: wewe huhitaji kukimbilia puto. Acha tumbaku ya aina zote, meza dawa, na tembea hadi maumivu yakushike, pumzika, endelea, nusu saa au zaidi, mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Wengi huongeza umbali wao bila tundu lolote.

Mwanangu, ukipata majibu ya presha ya kidole, ya ultrasaundi na ya kreatinini, niandikie namba zenyewe kama zilivyo kwenye karatasi, pamoja na picha ya kidonda iliyopigwa mchana na rula ikiwa pembeni yake.